Maji ya masika yasiishie baharini

Mhariri,

Masika haya bonde la nyuma ya nyumba yetu hapa Wete lilifurika hadi miche ya mpunga ikazama, maji mekundu yakikimbilia baharini. Kaskazi ikifika, mama zetu watapanga ndoo kisimani tangu alfajiri. Inaniuma sana.

Naomba wataalamu wapime bonde moja kwa bwawa la mji: ukuta wa udongo ulioshindiliwa, kiini chake udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye, na pembeni njia pana ya kutolea maji ya ziada. Hiyo njia wasiibanie fedha. Maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huubomoa. Visima tusiviache, ila vya karibu na pwani tukivivuta kupita kiasi huingia chumvi.

Mkaazi wa Wete,
Pemba