Utabiri wa siku tano uchapwe mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowahusu wakazi wote wa Dar es Salaam katika miezi hii ya masika, nalo ni jinsi gazeti lako linavyotupatia utabiri wa hali ya hewa. Siku za kawaida tunapewa mstari mmoja wa joto la juu na la chini, uliobanwa kando ya viwango vya kubadilishia fedha. Kisha siku Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari, ukurasa wa mbele unabeba maneno mazito kuhusu mvua ya kutisha, bila kutueleza itanyesha lini, upande gani, wala kwa kiasi gani. Ombi langu ni kwamba tangu sasa hadi mwisho wa Mei uchapishe kila siku ule utabiri wa siku tano wa athari za hali mbaya ya hewa, mzima kama Mamlaka ilivyoutoa, katika ukurasa mmoja usiobadilika.

Nauchagua utabiri wa siku tano kwa sababu ya saa. Utabiri wa kila siku wa Mamlaka ni wa saa 24 zinazoanzia saa 3 usiku. Gazeti linapomfikia msomaji saa 1 asubuhi, saa kumi kati ya hizo zimekwisha kupita, na mvua za usiku wa manane na alfajiri, ambazo sisi wa pwani tunazijua vizuri, zimekwisha kunyesha na kukauka. Utabiri wa siku tano hauchakai upesi hivyo, nao unampa mtu nafasi ya kuzibua mfereji, kuahirisha safari ya Morogoro au kusogeza siku ya kumwaga zege. Juu yake iandikwe tarehe na saa ulipotolewa, maana Mamlaka huuhuisha kadiri hali inavyobadilika.

Kuhusu kiasi, msomaji akipewa kipimo ataelewa mengi kuliko akipewa sifa. Kwa viwango vya Mamlaka, mvua huhesabiwa kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 zikiangukia paa lenye mita za mraba 100 ni lita 5,000, yaani matangi matano ya lita elfu moja yaliyomiminwa uani kwako ndani ya siku moja, kabla hujahesabu maji yanayotoka kwa jirani wa juu. Tarehe 21 Desemba 2011 zilipimwa zaidi ya milimita 150 katika jiji hili. Mafuriko ya siku zile yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Kuna jambo jingine ambalo mstari mmoja unaosema "Dar es Salaam: mvua" hauwezi kamwe kulibeba. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikipiga huko juu, mfanyabiashara aliyepo Kariakoo anaweza kuona anga jeupe kutwa nzima, halafu jioni akakuta Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani kwa maji yaliyonyesha mbali naye. Mkazi wa bondeni anahitaji kujua habari za Kisarawe na Pugu kuliko za Posta, katikati ya jiji, na hilo linawezekana tu iwapo ramani inayoambatana na utabiri itachapwa pamoja na maelezo yake.

Linalonisumbua zaidi ni kuachwa kwa uwezekano na athari. Utabiri huo wa siku tano hutumia rangi: njano kwa angalizo, machungwa kwa tahadhari na nyekundu kwa tahadhari kubwa. Chini ya rangi hueleza mambo mawili mbalimbali, yaani uwezekano wa hali hiyo kutokea na kiwango cha athari ikitokea. Inawezekana kabisa uwezekano ukawa mdogo na athari zikawa kubwa, na hapo mtu mwenye busara hujiandaa huku akijua kwamba huenda lisitokee lolote. Magazeti yanapofuta kipengele cha uwezekano na kuacha cha athari peke yake, siku ya pili jua likiwaka lawama zote huiangukia Mamlaka. Aprili 2021 tulijiandaa kwa Kimbunga Jobo, kikapungua nguvu kabla ya kufika pwani yetu, na watu wakaigeuza tahadhari ile kuwa mzaha. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Siku chache kabla ya hapo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa amelieleza Bunge kwamba watu 155 wamefariki dunia kutokana na mvua za msimu ule. Aliyeizoea tahadhari kama mzaha hakuwa na sababu ya kuisikiliza mara ya pili.

Utabiri wa msimu unaotolewa kabla ya masika kuanza una kazi yake, hasa kwa wakulima, lakini hautoshi. Kusema kwamba mvua za Machi hadi Mei zitakuwa za wastani au juu ya wastani hakumwambii mtu lolote kuhusu Alhamisi ijayo.

Nafahamu kwamba nitajibiwa kuwa kila mtu ana simu. Ni kweli, na simu hizohizo ndizo zinazosambaza sauti na video za mafuriko ya miaka iliyopita kana kwamba ni za leo asubuhi. Gazeti lina tarehe juu ya kila ukurasa, na nakala moja katika kijiwe cha kahawa husomwa na watu wengi, wakiwamo wazee ambao hawana haja ya kutafuta ramani kwenye kioo kidogo.

Ukiridhia ombi hili, naomba usiwasahau wavuvi wa Feri, Kunduchi na Mjimwema. Katika wiki hizi kaskazi inaachia nafasi kusi, na bahari hubadilika haraka. Utabiri unapotaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, sentensi hiyo ichapwe kama ilivyo. Vilevile, kila Jumatatu kandokando ya utabiri mpya ziwekwe milimita zilizopimwa hasa katika wiki iliyopita kwenye kituo cha Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ili wasomaji tuweze kulinganisha wenyewe kilichotabiriwa na kilichonyesha.

Wako msomaji,
Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam