Msijenge bustani juu ya bomba bovu

Mhariri,

Mpango wa mji mdogo wa kukarabati bustani za umma na mtandao wa maji huandikwa katika kitabu kimoja, kisha ukatekelezwa kama miradi miwili isiyojuana. Bustani hutangulia kwa kuwa huonekana upesi: nyasi, mabenchi, taa, njia za vitofali. Mabomba hufuata baadaye, na kwa vile bomba kuu mara nyingi limepita kwenye ardhi ya wazi, vitofali vinang'olewa vikiwa bado vipya na mizizi ya miti michanga inakatwa. Tunaiomba halmashauri yoyote yenye mpango wa aina hii ianzie chini ya ardhi, tena ipime kwanza uvujaji wa maji kabla ya kununua pampu au kuchimba kisima kipya.

Kipimo hicho hufanyika usiku, kati ya saa nane na saa kumi, watu wakiwa wamelala. Maji yanayoingia mtaani saa hizo kwa sehemu kubwa ni yale yanayovuja. Ili ijulikane yanavujia wapi, mtandao hugawanywa katika maeneo yenye wateja kati ya 500 na 3,000, kila eneo likipokea maji kwa bomba moja lenye dira. Kanuni ya kawaida ya dira kubwa ya kimitambo ni bomba lililonyooka kwa urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla yake na mara 5 baada yake. Kwa bomba la milimita 150 ni mita 1.5 kabla ya dira na sentimita 75 baada yake. Dira ikibanwa karibu na kona, msizitegemee namba zake.

Zoezi hili huharibiwa zaidi na valvu za mpakani, zile zinazotenganisha eneo moja na jingine. Valvu ya zamani huzungushwa mpaka mwisho, fundi akaandika "imefungwa", kumbe maji yanapita chini ya lango la ndani ya valvu lililoliwa na kutu. Namna ya kuigundua ni rahisi: fungeni bomba la kuingilia kwa muda usiku na mwangalie geji ya presha. Presha isiposhuka hadi sifuri, eneo hilo lina njia nyingine ya kuingizia maji. Matangi ya majumbani nayo hudanganya. Pale maji yanapotoka kwa mgao, matangi hujazwa usiku, na msomaji wa dira akaita uvujaji kile ambacho ni akiba ya watu. Eneo lipewe maji mfululizo kwa siku kadhaa kwanza, ndipo lisomwe.

Kwa nini tunang'ang'ania uvujaji katika barua inayohusu bustani? Tundu la milimita 6 tu, kwenye presha ya bar 4, hupoteza kama mita za ujazo 40 kwa siku. Kiasi hicho ndicho hekta nzima ya nyasi hutumia ikimwagiliwa milimita 4 kila siku. Mji unaochimba kisima kwa ajili ya bustani huku ukiacha matundu kumi ya namna hiyo unajichosha bure. Na kabla hata ya kuziba, valvu ya kupunguza presha usiku huleta nafuu, hasa kwenye mabomba ya plastiki yaliyopasuka kwa urefu, kwa sababu ufa wake hupanuka presha inapopanda.

Bomba jipya likilazwa, tandikeni chini yake mchanga wa sentimita 10 hadi 15 usio na mawe, na juu yake udongo laini kabla ya kifusi. Kifusi kirudishwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 30, kila moja ishindiliwe peke yake. Utepe wa tahadhari ukae sentimita 30 juu ya bomba. Ukilazwa juu ya bomba lenyewe, sururu ya mchimbaji itaufikia utepe na bomba kwa pamoja.

Mabomba ya plastiki yanayochomekwa kwa pete ya mpira huchomoka kwenye kona yasipozuiwa. Kwenye kipenyo cha milimita 150 na presha ya bar 10, kona ya nyuzi 90 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili na nusu. Zege la kuizuia liegemee udongo ambao haujachimbwa, na lisizifunike bolti. Bomba la polithini, plastiki inayonyumbulika, lililounganishwa kwa joto halihitaji zege hilo, ila lina ugeni wake: hutanuka ikipewa presha, hivyo mshale wa geji hushuka kidogo wakati wa majaribio ya presha hata kama hakuna mvujo. Msimamizi asiyelijua hilo atafukua bomba zima.

Baada ya majaribio na kusukuma uchafu nje, bomba litibiwe kwa klorini ili kuua vijidudu. Kilomita moja ya bomba la milimita 150 hubeba karibu lita 17,700. Kufikisha klorini miligramu 50 kwa lita kunahitaji takribani kilo 1.4 ya unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65. Maji hayo yakae saa 24, kisha yamwagwe mahali pasipo mto wala samaki.

Sasa bustani. Hatari kubwa zaidi ni mpira wa kumwagilia uliounganishwa moja kwa moja na bomba la maji ya kunywa. Maji yakikatika, ncha ya mpira iliyozama kwenye dimbwi hunyonya tope na kulirudisha kwa wateja. Kila tawi la bustani liwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, au lipitie tangi ambalo mdomo wa bomba uko juu ya usawa wa maji. Umwagiliaji wa matone utafaa vichaka na miti, mradi uwe na chujio linalosafishwa. Bila hilo vitundu huziba, na kwa kawaida watu hugundua mti ukishanyauka.

Miti mikubwa ikae angalau mita 5 kutoka kwenye bomba, na ile ya jamii ya mkuyu mbali zaidi. Mabonde ya kupokea maji ya mvua ni jambo zuri, lakini yachimbwe pale udongo unapofyonza: yakibaki na maji zaidi ya siku mbili, mmeanza kufuga mbu.

Mwisho, mkataba uzuie sehemu ya malipo mpaka mkandarasi akabidhi mchoro wa mabomba yalivyolazwa kweli, wenye kina na umbali wa kila valvu kutoka alama mbili za kudumu, na mpaka kila kifuniko cha valvu kionekane juu ya nyasi na kifunguke mbele ya mtunza bustani.

Mafundi wa maji na watunza bustani