Nywila za mifumo ziondolewe kwenye msimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wataalamu wenzangu wa programu, pamoja na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo wanaotupa kazi.

Hivi karibuni niliitwa kurekebisha mfumo wa chama kimoja. Nywila ya hifadhidata ya wanachama iliwahi kuandikwa waziwazi ndani ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kisha ikafutwa. Lakini Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, huhifadhi kila badiliko, hivyo nilirudi nyuma hatua mbili tu nikaisoma herufi kwa herufi, na bado ilikuwa inafungua. Nilisikitika sana, kwa kuwa ile ni akiba ya watu. Mwaka 2016 wadukuzi waliokuta funguo za kuingilia hifadhi ya Amazon ndani ya msimbo wa kampuni ya usafiri ya Uber, uliohifadhiwa kwenye tovuti ya GitHub, waliondoka na taarifa za watu milioni 57.

Dawa ipo. Google, Amazon na Microsoft zote zina hifadhi ya siri, yaani ya nywila na funguo za mifumo, katika wingu (kompyuta zao zinazofikiwa kwa mtandao), na kuianzisha kwa amri za gcloud, chombo cha Google, kwa mfano, ni kazi ya dakika chache. Ila siri yenyewe isichapwe ndani ya amri, maana kompyuta huweka historia ya amri zote; kipengele cha --data-file=- huipokea nje ya amri yenyewe, nawe uhakikishe hakuna mstari mpya unaoingia mwishoni, kwani hifadhidata itaikataa nywila hiyo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ruhusa. Amri inayoanza na «gcloud secrets add-iam-policy-binding» huipa programu haki ya kusoma siri moja uliyoitaja, lakini ukiandika «projects» mahali pa «secrets», ruhusa ileile hufungua siri zote za mradi mzima. Nimeona wengi wakichagua hiyo ya pili kwa sababu haisumbui.

Nywila iliyokwisha kuonekana ibadilishwe kwenye hifadhidata yenyewe, kisha toleo jipya liwekwe katika hifadhi ya siri na la zamani lizimwe. Kuihamisha tu hakutoshi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Kwa hiyo nawaomba viongozi, kabla ya kumlipa fundi, wamtake awaonyeshe orodha ya wanaoweza kuisoma nywila ya mfumo wao, jina kwa jina.

Mtaalamu wa programu,
Morogoro