Barua kwa Mwanajuma kuhusu kaa wa Gazi

Tanga

Mpendwa Mwanajuma,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, na mama anakusalimia sana. Picha ya kaa uliyonitumia kutoka Gazi, huko pwani ya Kenya, ukiniuliza ni wa aina gani, nimeitazama mara nyingi kwa furaha. Huyo ni kaa dume wa jamii ile ya gando moja kubwa na jingine dogo; majike wao magando yote mawili ni madogo. Kazi iliyobaki ni kujua ni yupi hasa, na rangi peke yake haitoshi, maana hubadilika. Mahali anapoishi ndipo panaposema zaidi.

Kwani hawa hupata chakula chao ndani ya mchanga na tope. Kaa huchota kwa gando dogo, hutia kinywani, huchuja vijimea, kisha huutema mchanga uliobaki. Vile vidonge vya mchanga ulivyoviona kando ya tundu ndivyo hivyo, si kinyesi. Wanaokaa mchangani wana nywele nyingi mdomoni zenye ncha kama kijiko. Wa kwenye tope laini wanazo chache. Ndiyo maana kila aina hushika eneo lake.

Chini kabisa ya ufuo, maji yakipwa, utamkuta Gelasimus hesperiae. Tazama madume wengi kwa pamoja: karibu wote gando kubwa liko kulia, ilhali aina nyingine nyingi huwa nusu kwa nusu. Alama hii naipenda kuliko zote, maana hata kwa mbali inaonekana. Ukiingia kivulini mwa mikandaa, kwenye tope, ukaona kaa mwenye miguu myekundu, huyo ni Paraleptuca chlorophthalma.

Kaa wako yuko juani, juu ya mchanga, na nyuma yake naona mizizi ya mchu, mmoja wa mikandaa, imechomoza wima. Mgongo una mistari myeusi na myeupe, gando lina rangi ya waridi. Mimi namwona Austruca occidentalis. Vitabu vya zamani humwita Uca annulipes. Mwaka 2016 huyu wa Afrika Mashariki alitengwa akapewa jina lake, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili.

Ila Cranuca inversa naye hupenda mchanga wa juu namna hiyo, na hapo ndipo picha yako inaponibana. Huyo kidole cha juu cha gando lake kubwa kina jino pana karibu na ncha, na wewe umempiga kwa ubavu, kidole kimefichika.

Nakuomba urudi maji yakitoka. Ukifika watatumbukia mashimoni wote. Tulia kimya bila kutikisika, watatoka tena. Dume akianza kulipungia jike gando, mpige picha kwa mbele, gando likiwa limeinuliwa. Uniandikie pia ni mti gani ulio karibu, na kama chini pana mchanga au tope.

Wasalimie watoto.

Wako akupendaye,
Zuhura