Taazia za wasomi zieleze kazi zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyoandika taazia za wasomi. Mara nyingi vyeo hupangwa kimoja baada ya kingine, kazi za kujitolea zikapewa mstari mmoja, na msomaji asijue marehemu alikuwa akifanya nini hasa.

Nimfikirie Victoria Fromkin, mwanaisimu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2000. Ni kweli kwamba alisimamia masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwa naibu mkuu wa chuo. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba kwa miaka mingi alisikiliza watu wakiteleza ulimi, akayaandika makosa hayo, maelfu kwa maelfu. Anayekusudia kusema “sahani na kijiko” akatamka “kahani na sijiko” amebadilisha nafasi za sauti mbili tu, na bado kila silabi imefuata kanuni za lugha yake. Kwa makosa ya namna hiyo, ambayo wengi wetu huyacheka na kuyasahau, Fromkin alionyesha kwamba sauti ni vipande halisi akilini mwa msemaji.

Vivyo hivyo kwa msomi aliyejitolea kufundisha watu wazima kusoma: tuambiwe alifundisha jioni ngapi kwa juma, na wanafunzi wake wanamkumbuka kwa lipi. Nawasihi waandishi wako wawaulize wafiwa maswali hayo kabla ya kuuliza vyeo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi