Msiwanyang'anye hamali bia yao

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu bia nyeusi ya Ireland, ile inayoitwa stauti, ilisomwa kwa sauti kwenye kaunta yangu na ikazua kelele. Mwandishi anadai kwamba stauti maana yake ni mnene, kwa hivyo hiyo ni bia ya wazee wenye vitambi na magari makubwa, na tena inaongeza damu. Mimi ninaendesha baa karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Nimeiuza bia hiyo tangu siku zile Michael Power, yule shujaa wa matangazo ya Guinness, alipokuwa kwenye kila bango barabarani, na wengi wanaoinunua kwangu hawana kitambi wala gari.

La damu nilimalize haraka. Kampuni ya Guinness, inayopika stauti hiyo, ndiyo iliyolianzisha: tangazo lake la mwaka 1929 kwenye magazeti ya Uingereza liliwaambia watu kwamba Guinness ni nzuri kwao, na kuna wakati kinamama waliojifungua na watu waliotoka kutoa damu walikuwa wakipewa huko. Siku hizi kampuni haisemi tena hivyo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye glasi moja ni kidogo mno. Mama aliyejifungua mpelekeeni osuga (mnavu) na omena (dagaa), chupa mniachie mimi.

Sasa jina. Ni kweli neno hilo la Kiingereza leo hutumika kwa mtu mnene, lakini maana hiyo ilishika katika karne ya 19. Kabla ya hapo lilikuwa neno la mtu jasiri, mtu imara, na Waingereza walikuwa wakiiita kwa jina hilo pombe yoyote ya shayiri yenye nguvu tangu miaka ya 1670. Hata bia ya rangi nyeupe, ikiwa kali, iliitwa stauti. Unene haukuwepo, weusi haukuwepo, na Ireland pia haikuwepo.

Halafu, kwenye miaka ya 1720 hivi, London ikapata bia yake ya kahawia, yenye hopsi nyingi, yale maua yanayotia bia uchungu, ikilazwa kwenye mapipa hadi ikomae. Wateja wake wakubwa walikuwa wabeba mizigo, ambao kwa Kiingereza huitwa porter, na bia ikachukua jina lao: pota. Mji ule ulikuwa na hamali kwa maelfu. Wengine walipakua makaa ya mawe, nafaka na chumvi kutoka kwenye meli za Mto Thames, wengine walibeba vifurushi mjini wakiwa wamevaa beji ya kibali. Mtu aliyebeba tangu alfajiri alitaka kinywaji cha kumrudishia nguvu, na wapikaji walipoitengeneza kali zaidi wakaiita pota stauti, yaani pota yenye nguvu. Miaka ikaenda, pota ikadondoka, ikabaki stauti peke yake. Hivyo ndivyo hamali alivyopotea kwenye jina, Mhariri, na mwandishi wenu akamweka mwenye kitambi mahali pake.

Nieleze kidogo hawa hamali wa Kibuye, kwa sababu mwandishi naamini hajawahi kuwaona wakifanya kazi. Lori la viazi likifika usiku, wao wako chini yake kabla ya adhana ya alfajiri. Mmoja anakunja gunia tupu, analiweka begani na kuinama kidogo. Wawili walio juu ya lori wanamtegea gunia lililojaa hadi likae sawasawa kwenye ule mkunjo, halafu anashuka kwenye ubao mwembamba unaonesa kila hatua. Akifika chini haangalii pembeni, anapiga mbio ndogondogo mpaka kibandani, maana mzigo mzito ukisimama nao ndipo unapokuangusha. Wakimaliza kupakua wanaingia kwenye mikokoteni. Sheria hainiruhusu kufungua kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hivyo utawakuta wamekaa juu ya mikokoteni hiyo nje, wakinisubiri nifungue grili.

Siku za kawaida wao ni watu wa kegi, yaani bia ya pipa, magi baada ya magi. Siku ambayo malori yamekuwa mengi, mmoja atanyosha noti na kusema, "Mathe, leo nipe nyeusi. Ya moto." Wasomaji wa mbali wasishtuke: ya moto ni ile ambayo haijaingia friji. Wanasema baridi inaua ladha, na kwa stauti nakubaliana nao. Wale wanaoichanganya na soda siwakubali, lakini pesa yao naipokea.

Turudi Ireland. Arthur Guinness alikodi kiwanda kilichokuwa kimeachwa pale St. James's Gate, Dublin, tarehe 31 Desemba 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. (Mwenye jengo langu hupandisha kodi kila Januari na mkataba wa maana hajanipa. Nikifikiria hiyo miaka 9,000 nashindwa kulala.) Pota ya London ilikuwa ikiingia Dublin kwa meli na kuwabana wapikaji wa pale. Guinness akajifunza kuipika mwenyewe, na kufikia 1799 akawa ameacha kabisa kupika bia ya aina nyingine. Kule Cork, mji mwingine wa Ireland, walikuwepo wapikaji wa stauti Beamish na Crawford tangu 1792, na Murphy tangu 1856. Kwa hivyo pale makala yenu iliposema kwamba stauti ni jina lingine la Guinness, mlikosea tena.

Hata weusi wenyewe ulichelewa kuja. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, la kukaangia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, jinsi kahawa inavyokaangwa. Kimea kidogo cha namna hiyo kilitosha kuipaka rangi bia nzima. Leo stauti ya Ireland hutegemea shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa, na huko ndiko unakotoka ule uchungu mkavu unaobaki kwenye ulimi. Tena nyeusi kabisa si nyeusi. Juu ya kaunta yangu kuna taa ya tyubu. Ukiinamisha glasi, ukamimina polepole kwenye ukingo hadi povu lipande na kutulia, kisha ukaiinua glasi mbele ya taa, pembeni utaona rangi ya damu ya mzee. Damu ninayoijua mimi ndani ya stauti ni hiyo.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Kuna klabu moja mjini ambako mlinzi alimzuia mlangoni mmoja wa vijana hawa, akiwa ameoga na kuvaa shati safi, akamwambia hapo si pa watu wa mkokoteni. Kijana aliniletea habari hiyo akicheka, lakini hakuwa anacheka. Na mle ndani meza zimejaa chupa za bia ya watu wa mkokoteni! Wiki chache baadaye gazeti lenu linaandika kwamba ni bia ya wakubwa.

Hebu tazama mambo yalivyopinduka. Kegi wanayokunywa hamali wangu inaitwa Seneta. Ilianzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo waache pombe za sumu, hupikwa kwa mtama, na kiwanda kipo hapahapa Kisumu. Watu wa huku waliibandika jina Obama, kwa kuwa wakati ule kijana wetu alikuwa seneta kule Marekani. Kwa hivyo hamali anakunywa Seneta, na maseneta wakija huku kwa kampeni wanaagiza ya hamali.

Obama mwenyewe, Mei 2011, akiwa rais, alikwenda kijiji cha Moneygall huko Ireland. Mmoja wa mababu zake wa upande wa mama, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, alitoka hapo mwaka 1850 kwenda Marekani. Obama aliingia baa ya kijiji akanywa Guinness mbele ya kamera za dunia nzima. Baa yangu ilikuwa imejaa, watu wamesimama hadi mlangoni kutazama televisheni. Mzee mmoja wa Alego, upande alikotoka baba yake Obama, aliyekuwa kwenye kona alitaka kujua jambo moja tu: "Omera (ndugu yangu), hiyo waliyompa ni ya baridi ama ya moto?"

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Andikeni kwamba stauti ni bia kali, na kwamba kabla haijawa stauti ilikuwa pota, bia ya hamali. Vijana wameniambia nikate kipande hicho nikibandike ukutani, karibu na orodha ya bei. Nakala ya pili nitampelekea yule mlinzi.

Mama wa Kaunta,
Kibuye, Kisumu