Tulimfungia chumbani siku tisa

Manzese, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Baada ya salamu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimejifungia jikoni maana machozi yalikataa kukaa. Nilitaka kukupigia, nikaona kwa simu tutalia tu, wewe huko Unguja na mimi huku, na la maana lisisemwe. Ndiyo nikashika kalamu.

Umeniambia kijana wako yuko kwenye unga, hiyo heroini, mtungi wa gesi umeondoka, vitenge vya dada yake Salma vimeondoka, na sasa baba yao anasema kijana atoke nyumbani kwake. Shemeji yako naye ametafuta vijana wanne wamkamate, wamfunge, wampeleke shamba Makunduchi akae huko mpaka unga umtoke. Umeniuliza kama ukubali, kwa sababu unajua yaliyotupata. Hukujua yote, kwa kuwa mengine tuliyaficha hata kwako. Shoga, usikubali.

Mdogo wangu alianza unga mwaka 2005. Alianza kwa kuvuta, wanauchanganya na bangi kwenye msokoto, baadaye akawa anajidunga. Tulipochoka, baba alinunua kufuli mpya tukamfungia chumba cha uani, kile chenye nondo dirishani. Haikufika kesho yake arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, ikaanza: miayo isiyokwisha, machozi na kamasi, vinyweleo vimesimama mwili mzima kama kuku aliyenyonyolewa, kutapika, kuharisha. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote. Alikuwa anapiga miguu ukutani usiku kucha, anasema mifupa inamuwaka. Mama alikaa nje ya mlango na bakuli la uji mpaka likaganda. Siku ya tisa tukamfungulia. Akaoga, akala ubwabwa sahani mbili, akacheka. Mama akapika pilau na majirani tukawaita.

Siku mbili baada ya pilau nilimkuta chooni. Midomo imegeuka rangi, anavuta pumzi moja, kimya, halafu nyingine baada ya muda mrefu, na bomba la sindano limelala juu ya ndala yake ya kushoto.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni hili: mwili ukikaa siku kadhaa bila unga, ule uzoefu wake unapotea. Kipimo alichokuwa anakibeba kila siku akakirudia kile kile, na mwili hauwezi tena, pumzi zinakatika. Alipona kwa sababu bajaji ilikuwa imesimama mlangoni, na hospitalini wakamchoma naloksoni, dawa inayouondoa unga unapokamata kwenye ubongo, akazinduka palepale. Wangapi wametoka shamba, wametoka jela, wakafa wiki ile ile huku nyumbani wanasema ameshapona? Hiyo kamba ya shemeji yako naiogopa kuliko hata kete zenyewe za unga.

Kuhusu soba, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha unga. Huko kwenu zipo nyingi, na nawajua watu waliosimama kwa sababu ya soba, tena wanaoziendesha wengi wamepita humo humo, wanamjua mgonjwa kuliko sisi. Sizikatai. Ila asipelekwe kwa nguvu, na kabla hujatoa hela nenda mwenyewe ukaone wanalala wapi na wanakula nini. Ukiona mnyororo au fimbo, geuza. Sisi kuna mahali tulimpeleka, jina silitaji, akarudi na alama mgongoni na hasira ambayo hakwenda nayo. Na wakati wa kumpeleka panga kabisa siku ya kutoka atapokelewa na nani na ataamka kesho yake kufanya nini, kwa maana siku hiyo ndiyo ya hatari.

Kilichomsaidia mdogo wangu ni methadoni, dawa ya hospitali anayopewa mtu badala ya unga. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Mwananyamala ikafuata, na nyinyi mnayo Kidongo Chekundu tangu 2015. Nakusikia unavyovuta pumzi. Kidongo Chekundu ni hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wakimwona pale watasemaje? Mama Salma, watu wameshaona. Wamemwona amebeba mtungi wako begani mchana kweupe. Aibu unayoilinda haipo tena, aliyebaki wa kulindwa ni mtoto.

Dawa yenyewe ni ya maji, anakunywa kila siku mbele ya muuguzi, na ni bure. Mara ya kwanza nilishangaa udogo wa jambo lenyewe. Dirisha, kikombe, anameza, halafu muuguzi anamwuliza, "Umeamkaje leo?" Nilidhani ni ukarimu tu. Kumbe anataka kusikia sauti, ajue dawa imepita kooni haikubaki mdomoni. Wanaanza na kidogo wanapandisha polepole, na akifika kwenye dozi inayomtosha, inamshika siku nzima bila arosto na bila kulewa. Hizo wiki za mwanzo mwangalie sana asichanganye na pombe au vidonge vya usingizi, maana vikikutana na dawa hiyo pumzi zinaweza kukatika kama nilivyokusimulia. Watampima pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu. Usiogope majibu, yote yana matibabu.

Utaambiwa mmebadilisha unga kwa unga mwingine. Baba yetu alisema hivyo hivyo. Mimi nilimjibu kwamba ule ulikuwa unamwamsha alfajiri akatafute cha kuiba, huu unamwamsha akanywe dawa kisha aende kazini. Na itakuwa miaka, si wiki. Ukiingia ukitegemea kwamba mwezi wa tatu aache kila kitu, utamchosha na utachoka.

Huwezi kumkokota mpaka dirishani siku ya kwanza. Wapo watu wa asasi wanaozunguka maskani wanakokaa watumiaji, wanamwandaa kwanza, na watataka ndugu wa kumsindikiza. Usimtaje Salma. Huyo binti ameibiwa vitenge vyake na bado mnamfanya mlinzi wa kaka yake usiku, nimesikia kwenye sauti yako. Mnunulie vitenge vingine hata viwili, mwambie alale. Mtaje baba yake.

Najua ni mgumu. Wetu alikuwa mgumu zaidi, miezi miwili hakumwita mwanawe kwa jina, alikuwa anasema "huyo". Mama ndiye alikuwa anamsindikiza Mwananyamala, mpaka goti lilipomvimba, na mimi wiki ile nilikuwa zamu ya usiku. Amebaki baba peke yake. Nakumbuka nilirudi kazini nikawakuta wanatoka, baba mbele kama hatua ishirini, redio yake ndogo sikioni, mdogo wangu nyuma kama mtu aliyekamatwa. Pale hospitali kuna benchi chini ya mti ambapo wazazi wanasubiri. Kwenye hilo benchi baba alimkuta mzee anayesali naye msikiti mmoja, wa safu ya mbele, amemleta binti yake. Miaka yote hiyo wanapeana mkono kila Ijumaa na hakuna aliyejua la mwenzake. Baba hakutusimulia walichozungumza. Ila goti la mama lilipopona, baba alikuwa ameshavaa viatu mlangoni. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia walikuwa wanatembea sambamba.

Kosa letu jingine nakuambia lote, usilirudie. Mwaka wa pili wa dawa aligundulika na kifua kikuu, akaanza vidonge. Wiki chache mbele nikaona miayo. Macho yanatoka maji, jasho, usiku halali. Baba akasema, "Amerudi." Tukampekua mifuko, nikamkunja mikono ya shati kutafuta alama, mkoba wangu nikaulalia. Alinitazama akasema, "Dada, sijagusa." Sikumwamini. Siku nne nyumba nzima hatukumwamini, na siku ya tano akaenda mwenyewe kumwambia muuguzi. Ndipo daktari akatueleza kwamba dawa moja ya kifua kikuu, rifampisini, inalifanya ini liimalize methadoni haraka, kwa hiyo arosto ilikuwa ya kweli na unga hakugusa. Wakampandishia dozi, ikaisha. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama uani. Hakusema kitu, akachukua kikombe chake akaenda kukiosha.

Kwa hiyo ukiona miayo, kwanza uliza. Uliza kliniki kabla hujauliza mifuko yake.

Sisemi umwamini kwa kila kitu. Alirudi kwenye unga mara mbili kabla hajatulia, na mara zote mbili tulijua kwa sababu alikosa dawa. Akikosa siku tatu mfululizo hawampi tena dozi ile ile moja kwa moja, wanaanza chini, kwa sababu ile ile iliyotaka kumwua chooni. Kwa hiyo fanya asikose hata siku. Dawa ni bure lakini nauli si bure, na fedha taslimu mkononi mwake asubuhi ni mtihani usiomfaa. Sisi anayemsindikiza ndiye anayelipa nauli, na siku haipo wanatembea. Vitu vyako vya thamani vifungie, tena mwambie usoni, bila matusi: mlango wa nyumba uko wazi, chumba changu nimekifunga. Yeye mwenyewe atapumua. Mdogo wangu aliniambia kilichokuwa kinamuumiza siku zile ni mikoba kunyanyuliwa kimyakimya kila alipoingia sebuleni.

Na hilo neno teja, lisisemwe tena ndani ya nyumba yako, hata na watoto, hata kwa hasira. Ana jina ulilompa mwenyewe siku ya saba.

Leo anatengeneza feni na redio kwenye kibanda pale barabarani, na dawa bado anakunywa. Nilimsikilizisha sehemu ya ujumbe wako, unisamehe sikukuomba ruhusa kwanza. Amesema anataka kuja kuonana na kijana wako, wakae wawili, sisi tusiwepo. Hana hotuba. Anataka tu amwambie dirishani pakoje na siku za mwanzo mwili unakuwaje, kwa maana sisi wengine tunayasema bila kuyapitia.

Jumamosi ijayo tutafika. Saa moja asubuhi atakunywa dawa yake Mwananyamala, kisha tunapanda boti ya saa tatu na nusu. Usitutandikie, hatutalala, jioni tunarudi kwa sababu Jumapili saa moja anatakiwa dirishani tena. Shemeji yako mwombe asubiri mpaka siku hiyo tu. Na mzee wako mwambie baba yetu naye anakuja. Ameomba mwenyewe, na ameuliza kama kwenu kuna benchi la kukaa nje.

Shoga yako,
Mama Faudhia